Sista, nadaiwa na Bodi ya Mikopo, naweza kuingia utawani?

Swali limetoka kwa binti wa Kasulu, nalileta kama alivyoliandika, nimelipunguza tu urefu:

"Tumsifu Yesu Kristo Sista, shikamoo. Nina miaka 27, mwalimu wa Kiswahili na Historia, chuo nimemaliza 2021, nafundisha shule ya binafsi hapa Kasulu, mshahara wa msingi laki nne na nusu, chumba natumia cha shule. Bodi wananidai milioni 9 na laki 2. Hamu ya utawa ninayo toka kidato cha tatu. Nimeenda njoo uone (zile siku za kuonja maisha ya masista) mara mbili huko Tabora, mara ya pili sista wa miito akaniuliza kama nina madeni, nikasema ukweli, akaniambia nikamalize kwanza ndo nirudi. Nimelia kwenye treni toka Tabora mpaka Uvinza. Je Mungu anaweza kumuita mtu alafu deni limzuie? Rafiki yangu ananiambia niende shirika lingine nisiseme kitu, maana nikishakuwa ndani sina mshahara Bodi wataniona wapi. Na je shirika haliwezi kunilipia halafu mimi nikawafundishia shuleni kwao? Sina mali yoyote zaidi ya kiwanja nilichonunua milioni 2, na baba na mama wapo, wanalima maharage."

Milele amina mwanangu, marahaba. Kwanza pole na hicho kilio cha kwenye treni, nakijua, mabehewa yale yamebeba machozi ya mabinti wengi wanaotoka njoo uone na wengine walikuwa wanalia kwa furaha. Pili, huyo sista wa miito usimchukie hata kidogo. Amekuuliza swali ambalo mimi nilipokuwa kwenye hiyo hiyo kazi nilikuwa siulizi, na nitakuambia chini huko kilichonipata.

Tuanze na sheria maana naona wengi mnafikiri ni masista wameamua tu. Sheria za Kanisa, kanuni ya 644, inawaambia wakuu wa mashirika wasimpokee unovisi, yaani kile kipindi cha malezi kabla ya nadhiri za kwanza, mtu aliyelemewa na madeni ambayo hawezi kuyalipa. Kipengele ni kifupi hivyo hivyo, nusu mstari. Na sio kitu kipya, sheria ya zamani ya mwaka 1917 ilikuwa nacho pia. Sasa isome taratibu. Kwanza inasema unovisi, haisemi njoo uone, haisemi uaspiranti wala upostulanti, zile hatua za kabla ya unovisi. Pili kuna maneno mawili yamefungwa pamoja, amelemewa NA hawezi kulipa. Mwenye deni ambaye ana njia ya kulilipa, au kuna mtu amelibeba kwa maandishi, hayo maneno ya pili hayamshiki. Tatu, hii kanuni haipo kwenye ile orodha ya 643 ya vitu vinavyobatilisha, kama kuwa chini ya miaka 17 au kuwa na mume au kuingizwa kwa nguvu au kwa hofu. Kwa hiyo aliyepokelewa na deni, kupokelewa kwake kunasimama, ila mkuu aliyempokea amekosea.

Kwa hiyo lile la Mungu kukuita halafu deni likuzuie, mimi naliona hivi: deni halikukatai wewe, linakataa tarehe. Na hata watakatifu hawakulichukulia jambo hili kwa namna moja. Mtakatifu Thomaso wa Akwino karne ya 13 alisema mwenye deni akishakabidhi alichonacho kwa wanaomdai halazimiki kubaki duniani kutafuta hela ya kumalizia, maana mtu huru thamani yake inapita fedha. Nilivyolisoma mara ya kwanza nilifurahi sana nikataka kulipeleka kwa mama mkuu. Lakini sheria tunayoishi nayo leo ni hiyo 644, na ukiitazama ina akili. Nadhiri ya ufukara maana yake unaacha kilicho chako. Milioni tisa za Bodi sio zako, kwa hiyo huna cha kuacha pale, unachofanya ni kumwachia mwingine. Na huyo mwingine wakati mwingine ni baba yako, maana kwenye fomu ya mkopo kuna sehemu ya mdhamini, na wengi wenu aliyeweka saini pale ni mzazi ambaye hakujua hata anasaini nini, aliambiwa mtoto anaenda chuo.

Sasa rafiki yako. Namwelewa, anakupenda, ila ushauri wake ni mbovu.

Miaka hiyo nilikuwa timu ya miito, shirika silitaji. Alikuja binti ana digrii ya ualimu wa hesabu. Vyeti vyote alikuwa navyo, ubatizo, kipaimara, barua ya paroko, cheti cha daktari, bahasha imepangwa mpaka raha. Na mimi niseme ukweli wangu hapa, nilipoona hesabu nilishaanza kumwona darasani kwenye sekondari yetu, nikaona Mungu ametuletea mwalimu. Deni sikumuuliza. Akapita uaspiranti, upostulanti, unovisi, akaweka nadhiri za kwanza, mtulivu, mchapakazi, walezi wote wanamsifu. Mwaka wa pili wa nadhiri tukampeleka shuleni, karani akapeleka majina ya walimu wapya kama sheria inavyotaka, na mwezi uliofuata ikarudi orodha ya makato ya Bodi ina jina lake. Mhazini aliizungushia kalamu nyekundu akaniletea mezani, hakusema neno, akaiacha pale akaondoka. Nikaenda kumtafuta, nikamkuta chumba cha hostia, mikono yote unga, anakata zile duara ndogo ndogo. Nikamwonyesha karatasi. Aliiangalia akafuta mikono kwenye aproni akaniambia, "Sista, mimi nilidhani nikivaa shela limeisha." Alafu akaniambia miaka yote ile kila simu ya ofisini ikilia wakati wa sala roho inamruka.

Hakufukuzwa. Shirika lilikaa naye, likalipa polepole kwenye ule mshahara, na nadhiri za daima aliweka miaka miwili baada ya wenzake aliovaa nao siku moja. Alikaa kanisani akiwaimbia wenzake. Lile kosa watu walimpa yeye ila lilikuwa langu, mimi ndo nilitakiwa kuuliza na kuuliza ni dakika mbili tu.

Kwa hiyo hapana, usifiche. Na Bodi kukuona watakuona, kila mwajiri anatakiwa kuwapelekea taarifa za wahitimu aliowaajiri, na shule ya masista ni mwajiri kama wengine.

Sasa tuje kwenye hela yenyewe maana hapa ndo pa kukaa, naomba uchukue kalamu.

Sheria inasema mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwako ni 67,500 kwa mwezi, mwaka mzima 810,000. Ukienda hivyo milioni 9.2 unaimaliza miaka 11 na zaidi, utakuwa na miaka 38. Nadhani hiyo ndo hesabu iliyokuliza kwenye treni hata kama hukuipiga kwa kalamu. Lakini hiyo 15 ni kiwango cha chini wanachokukata, hakuna anayekuzuia kuongeza. Na kuna habari njema ambayo wengi bado hawajaielewa vizuri, toka 2021 ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, na ile adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji nayo ikaondolewa. Zamani ulikuwa unalipa huku deni linapanda kama ugali wa sherehe, sasa hivi deni limekaa pale pale, kila shilingi unayoweka inakata. Hii inabadilisha kila kitu kwa mtu kama wewe.

Baada ya NSSF na kodi unabaki na kama laki tatu na tisini. Ukijibana ukalipa laki mbili jumla kwa mwezi, yaani ile 67,500 ya makato na nyingine unaongeza mwenyewe kwa kontroli namba, ile namba ya malipo unayopewa na Bodi, unabaki na kama laki na tisini. Kasulu, chumba cha shule, sio raha lakini inawezekana, maharage unatoa nyumbani. Milioni 9.2 kwa laki mbili ni miezi 46. Sasa uza kile kiwanja. Najua kinauma, najua umekinunua kwa jasho na kila ukipita unaangalia vile vigingi, lakini mwanangu unataka kuweka nadhiri ya ufukara na kiwanja ni cha nini? Kabla ya nadhiri za daima utatakiwa kuandika wosia wa mali zako, na kabla ya zile za kwanza unakabidhi usimamizi wake kwa mtu mwingine, ni kanuni ya 668, kwa hiyo siku moja kitakutoka mikononi tu. Heri kitoke sasa kikiwa na kazi. Ukipata milioni 2 ile ile uliyonunulia, deni linabaki milioni 7.2, gawanya kwa laki mbili, miezi 36. Miaka mitatu kamili. Utakuwa na miaka 30. Na kila laki tano ya ziada unayoipata, tuisheni ya likizo, kusahihisha mitihani, gunia la maharage, inakata miezi miwili na nusu.

Umeona? Toka miaka 38 mpaka 30 na hatujaomba hela ya mtu.

Ila kabla ya yote ingia kwenye akaunti yako ya Bodi utoe stetimenti uione kwa macho, usiishi na namba ya kukumbuka. Linganisha na salari slipu zako mwezi kwa mwezi. Kuna walimu wa shule binafsi wanakatwa kila mwezi na hela haifiki inakotakiwa, wanakuja kujua baada ya miaka. Ukikuta hivyo nenda kwa mhasibu wa shule na slipu mkononi, kwa adabu, ila usiondoke bila maelezo. Na kama hawakukati kabisa usishangilie, hilo ni deni lako limelala tu.

Na samahani nikuulize na mengine ambayo hujayaandika, maana mkisikia deni mnafikiria Bodi peke yake. Una mkopo wa simu? Zile za kukopa elfu ishirini unarudisha ishirini na tano? Una kausha damu popote, ile mikopo ya riba kubwa? Upo kwenye mchezo wa kupeana hela kwa zamu na walimu wenzako, na kama upo, umeshapokea zamu yako au bado? Kama umeshapokea unadaiwa mpaka mzunguko uishe, hilo ni deni. Umemdhamini mtu SACCOS? Hili la kudhamini ndo linalosahaulika kuliko yote, mtu anafika mpaka upostulanti kumbe kule nyuma mwalimu mwenzake ameacha kulipa na jina linalosomwa ni la kwake. Nenda ukajitoe udhamini kwa maandishi, wamtafute mwingine. Yaandike yote karatasi moja, hata la dukani.

Sasa lile la shirika kukulipia halafu ufundishe kwao. Kisheria linawezekana, hakuna kanuni inayokataza, na yapo mashirika yanafanya, mengine yanakubali kumpokea mtu deni likiwa limebaki kidogo. Lakini nikuambie kama mtu aliyeshika vitabu vya hesabu vya masista. Mashirika yetu haya ya kijimbo ukiwaona masista wamenyoosha shela Jumapili usifikiri kuna hazina huko ndani. Kuna mwezi nilikuwa nachagua kati ya sabuni ya waaspiranti na mafuta ya gari la zahanati. Milioni tisa ni ada ya wanovisi wangapi. Watu wanasema Roma inatoa, ni kweli lipo Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume linalosaidia seminari na nyumba za unovisi, lakini hiyo ni ya malezi, sio ya kulipia deni la chuo la mtu mmoja mmoja.

Na kuna jambo kubwa kuliko hela. Novisi yuko huru kuondoka siku yoyote, kanuni ya 653, na nadhiri zinatakiwa ziwekwe bila kulazimishwa wala hofu kubwa. Sasa wewe shirika limekulipia milioni tisa, uko mwezi wa nane wa unovisi unaona moyoni kabisa kwamba hapa sio kwangu, utasema? Wengi hawasemi. Wanabaki kwa aibu, na sista aliyebaki kwa aibu jumuiya nzima itamjua kwa milango anavyoifunga. Ndo maana mimi ningependa uingie bila kudaiwa na Bodi na bila kudaiwa na shirika. Ikitokea wamejitolea wenyewe kukusaidia kipande cha mwisho, sawa, pokea, ila iandikwe: nani analipa ule mwaka wa unovisi ambao hufanyi kazi ya mshahara, hela ni zawadi au mkopo, na ukiondoka au ukiondolewa itakuwaje. Na ujue kwa Bodi mdaiwa anabaki wewe kwa jina lako, makaratasi yenu na shirika wao hayawahusu.

Marekani jambo hili ni kubwa mpaka kuna taasisi ya walei inaitwa Labouré Society, ipo Minnesota, kazi yake ni kusaidia watu wenye wito waliokwama kwa mikopo ya chuo. Nilichokipenda ni kwamba mwenye deni mwenyewe anafundishwa kutoka kwenda kuwaomba watu, hakai chumbani kusubiri muujiza. Hapa kwetu una jumuiya ndogo ndogo, una WAWATA ya wanawake Wakatoliki, una wenzako wa TYCS na TMCS, vile vyama vya wanafunzi Wakatoliki, na Waha kwa kuchangiana hamjambo, nimeona harusi za Kasulu. Lakini fanya hivi kwa kiasi. Ongea na paroko kwanza, usitangaze mwenyewe. Hela iende moja kwa moja kwenye kontroli namba, isipite kwenye simu yako, na risiti waone. Na useme mapema mbele yao kwamba utawa ni safari, naweza kufika naweza nisifike, deni likilipwa limelipwa. Nimeshaona binti amerudi nyumbani toka unovisi anashindwa kupita sokoni, kila mama mchuuzi aliyetoa elfu mbili anamtazama kama ameiba.

Wazazi umewataja mwishoni kama mtu anayepita tu, mimi nimerudi pale mara mbili. Maharage wanalima bado wana nguvu? Wanakula bila wewe? Yule yule Thomaso niliyemtaja, pamoja na ulegevu wake kwenye deni, kwenye wazazi alikaza, alisema kama wazazi wana shida kiasi kwamba hawawezi kuishi bila mtoto huyo basi asiwaache aende utawani. Kwa hiyo hiyo miaka mitatu pia ni ya kukaa na wadogo zako mkubaliane nani atakuwa anapeleka nini nyumbani ukishaondoka. Ukiingia mshahara wako unakuwa wa shirika, hutakuwa unatuma hela ya mbolea. Mwambie baba hilo kwa kinywa chako, asije akalisikia siku ya nadhiri.

Umri. Sheria ya Kanisa inaweka wa chini tu, ule wa miaka 17, wa juu kila shirika lina wake, wengine 30 wengine zaidi. Kwa hiyo mwandikie yule sista wa miito wiki hii, usisubiri miaka mitatu. Barua fupi ya heshima: nadaiwa kiasi hiki, mpango wangu ni huu, nitamaliza mwezi fulani mwaka fulani nikiwa na miaka 30, je mlango utakuwa wazi, na je naweza kuendelea kuja mafungo na njoo uone huku nalipa. Weka na karatasi ya hesabu. Sisi watu wa miito tunapokea barua za wito nyingi sana zimejaa machozi na Mtakatifu Teresia, yenye jedwali la malipo hatuisahau. Akikujibu kwamba kwao ukipita 29 hawapokei, utalia tena, ila utakuwa umejua mapema na mashirika ni mengi, mtaulizana na mlezi wako wa kiroho. Kama huna mlezi wa kiroho tafuta, hata huyo paroko msaidizi.

Na njia ya Kigoma kuja Tabora isikutishe, imezoeleka. Kardinali Rugambwa wetu alikuwa askofu huko kwenu Kigoma kabla ya kuwa huku Tabora, na Askofu Mkuu Ruzoka kabla yake vile vile.

Ukianza kulipa, kila miezi sita nitumie picha ya stetimenti nione namba inavyoshuka, hata bila salamu. Na ukija mafungo ya Kwaresima hapa Tabora shuka stesheni ukiwa na lile karatasi la madeni yote, la mchezo na la SACCOS pia, tutakaa tulipitie mstari kwa mstari. Njoo na dagaa kama wapo.